Mabaraza Mawili

Mji huu una mabaraza mawili.
Moja la mawe na chokaa, limegandana na ukuta wa nyumba,
jengine la viti vya kuzunguka na chupa za maji.
La kwanza halijapata kumuuliza mtu barua ya sheha.

Mimi ni Mwatima Pandu. Nashika funguo
za nyumba ya hifadhi, kule Saateni, nyuma ya gereji.
Funguo tatu: lango, stoo, ofisi.
Vitanda arubaini na viwili. Kitanda hakina ufunguo.

Mmeniita nieleze, kwa dakika tano,
kwa nini watu wanaikimbia nyumba mliyowajengea
wakenda kulala Mkunazini, Hurumzi, Malindi,
juu ya jiwe.
Nimekuja na daftari. Naomba dakika sita.

Ussi anaosha masufuria hotelini mpaka saa sita za usiku.
Lango, kwa amri yenu, nalifunga saa mbili.
Mara ya kwanza alibisha, nikasikia, nikamfungulia,
nikaandikiwa karipio. Ninalo hapa, lina muhuri.
Mara ya pili alibisha, nikasikia.
Hapo naomba nisiulizwe.

Bi Mize alilala na viatu vyake chini ya shingo.
Asubuhi shingo ipo.
Akaniambia: "Barazani, mwanangu, mgongo wangu unalindwa na ukuta,
mwizi namtazamia upande mmoja.
Humu ndani mna pande nne."

Shaali nyumba ilimshukia masika ya mwaka juzi,
boriti, dari, ghorofa ya jirani na kabati la jirani.
Ufunguo ukabaki mfukoni.
Kila usiku anautoa, anaupangusa kwa ncha ya kikoi, anaurudisha.
Mlango wenyewe, anasema, kauona hotelini, umetiwa mafuta,
wageni wanapigia picha.

Mwache ana watoto wawili. Mkubwa katimia miaka kumi na mitatu,
na karatasi iliyobandikwa ukutani inasema: upande wa wanaume.
Aliisoma mara mbili, akakunja kanga zake.
Barazani wanalala watatu msitari mmoja,
yeye upande wa barabara.

Na nyinyi, mwezi uliopita, mkapitisha vyuma:
vichongwe ncha, vipandwe barazani, mji upendeze.
Nakiri vimepandwa vizuri, vimenyooka.
Aliyevipanda ni Vuai, kitanda cha kumi na tisa.

Siku ile alirudi na ujira wake, mikono imejaa kutu,
akakaa ngazini, hakula.
"Bi Mwatima, chuma kile kingetoa makufuli mangapi?"
Tukapiga hesabu nyuma ya daftari, kwa taa ya simu.
Mia moja na kumi na sita.
Pengine tumekosea. Toeni kumi. Haya, toeni khamsini.
Bado kila kitanda kina kasha, na kila kasha lina kufuli,
na mama ana chumba cha kujifungia na mwanawe,
na mengine yanabaki, mtayaweka mnapopenda.

Sikuja kuomba marumaru.
Wala rangi; rangi mlishapaka siku ile ya wageni,
mvua imeila.
Nataka lango linalojua kuwa watu wanafanya kazi usiku.
Nataka Ussi akiulizwa anakaa wapi, atie jina la mtaa na namba,
asiangalie viatu vyake.
Nataka, na hili si la bajeti,
mtu akilala, alale.
Asilinde.

Mwenyekiti anagonga meza. Dakika tano zimekwisha,
ya sita sikupewa.

Basi hizi hapa. Lango, stoo, ofisi.
Ile ndefu inakwama, iinue kidogo kabla ya kuizungusha.
Zamu ya leo mmoja wenu atanishikia.
Ussi anafika saa sita na robo, anabisha kwa kidole kimoja,
taratibu, asiwaamshe wenziwe.

Mtasikia.